Kigoda Kitupu cha Tuama

Aliyechoka na alale kwanza, hadithi hii haina haraka, itamkuta palepale. Walio macho wasogee niwape habari za Zamoyoni na mumewe Mkude, watu wa nchi ya Kazamwendo, waliokwenda kutafuta mtoto katika nchi inayoitwa Tuama.

Kazamwendo ni nchi ya wachapakazi, na wao wenyewe ndio wa kwanza kukwambia. Huko watu hawajuliani hali. Mmoja huuliza, "Umechoka?" Mwenzake hujibu, "Nimechoka." Yule wa kwanza humalizia, "Hongera." Ukijibu kwamba hujachoka, mtu atakutazama juu mpaka chini, kisha atakwenda kuwauliza majirani una matatizo gani. Bwana harusi husifiwa kwa wekundu wa macho yake. Mkubwa wa ofisi akisinzia hadharani, magazeti huandika kwamba taifa limepata kiongozi.

Zamoyoni alikuwa mtoto halisi wa nchi hiyo. Alfajiri alikaanga maandazi, mchana akashona sare za shule, jioni akawafulia watu nguo. Mkude naye mchana alichomelea mageti, usiku akalinda ghala. Mke na mume walikutana mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka, wakapeana funguo na habari za mboga iliyobaki. Na bado watu walikuwa wanashangaa mtoto yuko wapi.

Bi Siwema, mama yake Mkude, hakushangaa. Yeye jibu alikuwa nalo tangu mwaka wa pili wa ndoa: mkwe wake hazai. Basi Zamoyoni akanyweshwa mizizi michungu ya kila aina, mingine ikimtapisha akiwa amesimama kwenye karai la maandazi. Hedhi yake ilikuwa imeanza kuruka, mwezi mmoja, wakati mwingine miwili, naye akaona afadhali, imempunguzia kazi. Mkude hakunyweshwa hata kikombe, maana Kazamwendo mwanamume haulizwi swali la namna hiyo.

"Mvua za vuli zikianza na tumbo bado liko vile," Bi Siwema alimwambia siku moja, bila hasira, huku akichambua mchele akiwa wima, "nitakwenda kwa kaka yangu nimposee Mkude binti. Usinichukie mwanangu. Nataka mjukuu."

Zamoyoni hakumchukia, ila aliumia. Alimpenda mumewe, kwa ule muda mdogo aliokuwa akimwona. Aliposikia kwamba Tuama kuna tabibu ambaye watu waliokata tamaa hutoka kwake na watoto mgongoni, akamsihi Mkude waende. Mkude akakubali, kwa sharti kwamba wasikae sana.

Safari yenyewe sina haja ya kuisimulia. Walikwenda, wakafika.

Mlangoni mwa Tuama hawakuulizwa hati wala walikotoka. Afisa mmoja mwanamke, mwenye sauti ya taratibu, aliwauliza, "Mara ya mwisho kuamka wenyewe, bila kuamshwa na saa wala jogoo wala hofu, ilikuwa lini?"

Mkude akacheka, akidhani ni utani wa wenyeji. Zamoyoni akafikiri kwa bidii. Alikumbuka siku moja nyumbani kwa bibi yake, alipokuwa mdogo na anaumwa surua. Aliposema hivyo, afisa akainamisha macho na kumpa pole. Kisha akawafunga wote wawili kitambaa cha kijani kwenye kifundo cha mkono.

"Mwenye kitambaa hiki hatumwi, haombwi kitu, wala haulizwi anafanya kazi gani," alisema. "Mkionekana mmebeba mzigo mzito, atakayeshtakiwa ni yule aliyekuwa anawatazama."

Siku za mwanzo Zamoyoni aliwaona watu wa Tuama ni wavivu waliojipatia serikali. Mwokaji akipiga miayo, wateja huirudisha mikate mezani kwa upole, wakamwambia watakuja kesho akiwa mzima. Waziri mmoja alikuwa amejiuzulu kwa sababu aliweka saini amri fulani akiwa hajalala. Amri yenyewe ilikuwa nzuri, tena iliwafaa maskini, lakini wananchi walisema hawataki hata jambo jema likitoka katika kichwa kilichochoka, wakamwomba mrithi wake ailalie kwanza halafu aitoe upya. Bungeni kulikuwa na mjadala mkali kama mtu akiota yuko kazini basi ndoto hiyo ihesabiwe kuwa kazi. Walimu walisema ihesabiwe. Wavuvi wa mabwawani walisema kwa hesabu hiyo wao hawatapata mapumziko maisha yao yote. Spika akaahirisha shauri ili waheshimiwa wakalale na kuliangalia upya asubuhi, na hakuna aliyecheka isipokuwa Zamoyoni.

Lakini Zamoyoni ana macho, na macho yake ni ya mshonaji. Akaanza kuona kwamba kuta za nyumba za Tuama zimenyooka. Mitaro ilikuwa safi, mikate ilikuwa mizuri kuliko mkate wowote aliowahi kula, na mishono ya nguo za watu, aliyoichungulia kwa siri sokoni, haikuwa na mahali palipolegea. Hakumsikia mama akimfokea mtoto. Kazi zilikuwa zinafanyika, tena vizuri, ila hazikuwa na kelele. Kwa mara ya kwanza akaona haya kidogo kwa ajili ya nchi yake, kisha akaona haya kwa kuona haya.

Tabibu waliyemfuata alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Rehani. Zamoyoni akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha wagonjwa, maana alikuwa na uzoefu nacho. Tabibu Rehani akamzuia kwa mkono.

"Ukae wewe kwanza, bwana."

"Mimi?" Mkude alisema. "Mgonjwa ni huyu."

"Nani amesema kuna mgonjwa? Nimesikia kuna wawili wanaotafuta mtoto. Kaa, tafadhali."

Mkude akakaa ukingoni mwa kiti. Tabibu akamuuliza analala saa ngapi, anakula nini na akiwa wapi, anakaa karibu na moto wa kuchomelea kiasi gani, na lini mara ya mwisho alimtamani mkewe. Kwa swali hilo Mkude alikohoa mpaka akapewa maji. Kisha Zamoyoni naye akaulizwa, akaeleza habari za hedhi yake kuruka, na jinsi alivyokuwa akiifurahia.

"Mwili una adabu zake," Tabibu Rehani alisema. "Ukiona wenye nyumba wamechoka kiasi cha kushindwa kujihudumia wenyewe, unafunga kwanza chumba cha mgeni. Kwako wewe dada, yai linaweza lisikomae kwa wakati wake, ndiyo maana miezi inaruka. Kwako wewe bwana, mbegu hupungua na nyingine huwa dhaifu, na ile hamu nayo hujiondokea kimyakimya. Ninyi kila mmoja amefunga mlango kwa upande wake, halafu lawama mmempa mmoja."

Mkude akatazama sakafu. Zamoyoni akamtazama Mkude. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa mbele yao wote wawili, na moyo wake ulijaa shukrani.

"Dawa yake ni ipi?" Zamoyoni akauliza. "Hata iwe chungu vipi, nitakunywa."

"Mtalala. Mtakula mkiwa mmekaa. Mtaonana, na simaanishi mlangoni." Tabibu akaweka mikono yake mapajani. "Ila siwezi kukuahidi mtoto, dada. Wapo wanaolala vizuri na bado hawapati, kwa sababu nyingine kabisa, na hao nao wana vipimo vyao. Lakini mwili uliochoka hivi siwezi kuupima nikajua kipi ni ugonjwa na kipi ni uchovu tu. Mkae hapa mpaka mawingu ya vuli yaanze kukusanyika, halafu tuone."

Mawingu ya vuli. Muda aliopewa Zamoyoni wa kupona ndio uleule aliopewa kabla ya kuletewa mke mwenza.

Sasa hebu fikiria mtu wa Kazamwendo anaambiwa apumzike. Zamoyoni aliifanya kazi hiyo kwa bidii zote. Alikwenda kitandani mapema kuliko mtaa mzima, akajilazimisha kufumba macho, na kila alipopitiwa na usingizi alishtuka kuangalia kama analala vizuri. Asubuhi aliwauliza majirani wamelala kiasi gani, apate kujua kama amewashinda. Majirani, watu wenye subira, walimwambia kwamba wao hawakumbuki, walikuwa wamelala.

Mkude alikuwa na balaa kubwa zaidi. Sheria ya Tuama ni kwamba baada ya chakula cha mchana nchi nzima hujilaza, maduka hufungwa, hata polisi huondoa mikanda. Nyuma ya nyumba waliyopewa aliishi mkulima aitwaye Feruzi, na uani kwake kulikuwa na rundo la majembe mabovu. Mkude aliyatazama siku moja, akayatazama siku ya pili. Siku ya tatu, mkewe alipopitiwa na usingizi, akachukua tupa na nyundo, akaruka ua.

Alifanya hivyo mara nyingi. Majembe yalipona moja baada ya jingine, na macho ya Mkude yakazidi kuingia ndani. Siku moja Feruzi akaamka mapema na kuikuta tupa inakwaruza. Hakupiga ukelele. Alikaa kizingitini mpaka Mkude akamaliza jembe alilokuwa nalo, akamshika mkono, akampeleka mpaka kwa mkewe.

"Samahani mama," alimwambia Zamoyoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Mumeo ni mwizi."

Zamoyoni alidhani amesikia vibaya, akaomba arudiwe. Hakuwa amesikia vibaya. Katika Tuama, mtu aliyevaa kitambaa cha kijani akifanya kazi, hiyo kazi ni wizi, na mwizi hupelekwa mahakamani.

Kesi ilisikilizwa asubuhi iliyofuata, baada ya kuhakikisha kwamba hakimu, mwendesha mashtaka na mshtakiwa wote wamekunywa chai. Chumba kilijaa watu watulivu. Hakimu alikaa mbele, mshtakiwa upande wa kushoto. Upande wa kulia, mahali pa mlalamikaji, kulikuwa na kigoda kidogo cha mti mweupe, kifupi sana, na hakuna aliyekikalia.

Feruzi alitoa ushahidi kwanza. Alisema majembe yale aliyaweka kwa ajili ya asubuhi zake za masika, kwa kuwa anapenda kukaa na kijana wake wakayanoa pamoja, na sasa hawana la kunoa. Ila hakutaka fidia. Hasara yake ilikuwa ndogo, alisema, akakitupia jicho kigoda.

"Mheshimiwa hakimu," Mkude alijitetea, "sikuchukua kitu cha mtu. Nimetengeneza majembe bure. Kwetu ningepewa shukrani."

Mwendesha mashtaka akasimama. "Nguvu ulizotumia zilikuwa za nani?"

"Zangu."

"Ulipokwenda kwa Tabibu Rehani ukakubali kuziweka akiba, ulisema unamwekea nani?"

Macho ya Mkude yalikwenda yenyewe kwenye kile kigoda, na hapo ndipo akaelewa ni kwa nini kilikuwa kifupi vile.

"Mlalamikaji wetu hawezi kufika mahakamani leo," mwendesha mashtaka alisema, sasa kwa upole. "Huenda asifike kabisa, hatujui. Lakini mradi mmesema mnamtarajia, sheria yetu inamtambua. Nguvu zile zilikuwa amana yake, na wewe umezimalizia kwenye majembe ya jirani."

Zamoyoni alitaka kucheka, kama alivyoucheka mjadala wa bungeni, akajikuta machozi yanamtoka. Kwao, miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwekea mtoto wake kiti. Walimfanya deni ambalo yeye Zamoyoni ameshindwa kulipa. Hapa walimfanya mtu, wakamtafutia mahali pa kukaa kabla hajaja.

"Kwa nini ulifanya?" hakimu akauliza. "Uliambiwa upumzike. Chakula unacho. Kwa nini?"

Hakuna aliyemharakisha Mkude, kwa kuwa hapo si mahali pa kuharakishwa. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini.

"Nikikaa, mheshimiwa, naisikia nyumba. Nyumba yetu iko kimya. Nikigonga chuma siisikii."

Zamoyoni akageuka. Miaka yote alidhani mumewe anamkimbia yeye. Alipomwona anaingia kazi ya ulinzi juu ya kazi ya uchomeleaji, alijiambia kwamba mtu huyu hataki hata kulala chumba kimoja na mwanamke asiyezaa. Naye akaongeza ufuaji juu ya ushonaji, apate kuchoka kiasi cha kutowaza. Kumbe wote wawili walikuwa wanakimbia kitu kimoja, kila mtu na njia yake, na kukimbia huko ndiko kulikowafungia mlango.

"Mheshimiwa," akasema, akiwa amesimama bila ruhusa, "hata mimi naisikia."

Hakimu akawatazama kwa zamu. Kisha akatoa hukumu. Mshtakiwa ana hatia. Adhabu yake, pamoja na mkewe aliyejitaja mwenyewe, ni kukichukua kile kigoda na kukiweka chumbani kwao. Kila siku baada ya chakula cha mchana watakaa nacho, bila kushika kitu mkononi, wausikilize ukimya wa nyumba mpaka uache kuwatisha.

Adhabu haikuwa rahisi. Siku ya kwanza Mkude alitembea ukutani mpaka ukutani, na Zamoyoni akakunja shuka ileile mara nyingi mpaka akajikumbuka na kuiweka chini. Siku nyingine walilia. Siku nyingine Mkude alimhadithia jinsi ghalani anavyozungumza na panya akiwapa majina ya wajomba zake, na Zamoyoni akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha ikafika siku walikaa, wakaongea kidogo, wakanyamaza, wakalala. Waliamka wenyewe, jua limeshuka, mkono wa Mkude uko begani kwake, na hakuna kilichokuwa kimewaamsha.

Mwezi huo hedhi ya Zamoyoni ilikuja. Mwezi uliofuata ikaja tena, kwa wakati wake. Mwanamke anayetafuta mtoto huiona damu akasikitika, lakini Zamoyoni alikaa bafuni akalia kwa furaha, kisha akatoka mbio kumwambia mumewe, mumewe akafurahi naye, na jirani yeyote wa Kazamwendo angedhani wameingiwa na wazimu.

"Chumba kimefunguliwa," Tabibu Rehani alisema alipompima. Mkude naye alipimwa, akaambiwa hali yake inakwenda vizuri. "Mgeni anaweza kuja, anaweza asije. Ila akija sasa atakuta watu nyumbani."

Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika. Wakarudi kwao, Mkude amebeba kigoda begani. Afisa wa mlangoni alikitazama, akakipima kwa jicho, akaridhika kwamba si mzigo mzito.

Bi Siwema aliwapokea kwa salamu ya nchi. "Mmechoka?"

"Hatujachoka, mama," Mkude alijibu, na majirani waliokuwa wanapita wakasimama.

Bi Siwema hakupoteza muda. Mvua ilikuwa imeshanyesha mara mbili, nguo za safari alishazikunja, kwa kaka yake wanamsubiri. Alikuwa anaongea na kanga mkononi, amesimama, kama ilivyo desturi yake. Zamoyoni aliinama akaangalia vidole vyake. Tumboni hakuwa na kitu cha kuonyesha.

"Mama, usiende," Mkude alisema.

"Nisiende, kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ukimleta huyo binti, nitamchosha kama nilivyojichosha mimi, na atakunywa mizizi kama mke wangu alivyokunywa. Tatizo lilikuwa langu pia. Nimepimwa. Nimeambiwa mbele yake." Alisema hayo mlango ukiwa wazi na majirani wakisikia, mtu ambaye alikohoa kwa aibu mbele ya tabibu mmoja. "Usiku sitalinda tena. Tutakula mboga bila nyama, lakini mchana tutakaa."

Bi Siwema akakitazama kigoda. "Na hicho ni cha nani?"

"Kina mwenyewe," Zamoyoni alisema. "Hajafika."

Mwanamke yule mzee, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa, akajishusha mkekani taratibu, goti moja halafu jingine. Alikaa muda. Kisha akasema, huku akikitazama kigoda na si wao, "Mimi nilimpata huyu Mkude peke yake. Nilikuwa nabeba kokoto za barabara, mimba zikitoka, nikirudi kubeba. Baba yenu alisema nina mkosi. Hakuna aliyeniambia nikae."

Zamoyoni akasogea, akakaa karibu naye. Nje mvua ikaanza, na safari ya kwa kaka haikutajwa tena. Bi Siwema alilala palepale mkekani, mdomo wazi, mpaka jioni.

Tangu siku hiyo, mtu akibisha hodi kwao saa za mchana, ni Bi Siwema aliyetoka kumwambia apunguze sauti, humo ndani kuna watu wanamsubiri mgeni. Kazamwendo nzima iliwacheka. Mvua zikaisha, jua likawaka, masika yakapita, na kigoda kikaendelea kufutwa vumbi. Walikuwa wameambiwa kwamba anaweza asije, nao walikuwa wameanza kuzoea kuishi vizuri hata hivyo, ndipo hedhi ya Zamoyoni ikakosekana, na safari hii haikuwa kwa uchovu.

Mtoto ni wa kike. Alizaliwa na sauti, na usiku hakumwacha mtu. Wiki ya kwanza Bi Siwema aliingia chumbani asubuhi, akamkuta mkwe wake amekaa kitandani na mtoto kifuani, kichwa kinamwanguka, na kwa mazoea ya umri wake wote salamu ya nchi ikamtoka mdomoni.

"Umechoka?"

"Nimechoka, mama," Zamoyoni alisema.

Neno lililofuata Bi Siwema alilijua, alikuwa amelisema maisha yake yote. Badala yake akavuta mkeka, akakaa chini, akanyoosha mikono.

"Nipe huyo mtoto," alisema. "Wewe lala."